Daktari anasaini karatasi tu, mimi ndo napiga leza: huku ni kukasimiwa kazi au ni kuachiwa mzigo?

nesi_wa_zamu ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo hasa kwa walioko kwenye mambo ya ngozi na leza maana hapa nilipo niko njia panda kabisa.

Mimi ni nesi, leseni yangu iko hai, nimefanya kazi wodini muda mrefu alafu nikahamia kliniki ya urembo. Kazi yangu kubwa ni kuondoa nywele kwa leza, mashine yetu ni ya diodi (aina mojawapo ya leza), na mara nyingine natoa madoa usoni. Mafunzo tulipewa na waliouza mashine, walikuja wakatuonyesha setingi wakatuachia kitabu na cheti wakaondoka. Daktari tunaye, jina lake liko kwenye kibao cha mlangoni na ndo aliyesaini protokoli, lakini hiyo protokoli ni karatasi moja inayosema nesi atafanya leza kulingana na aina ya ngozi ya mteja, basi, hakuna kingine. Wateja hamuoni hata mmoja. Mtu anakuja anajaza fomu mapokezi anaingia kwangu, mimi ndo namwangalia, mimi ndo naamua anafaa au hafai, mimi ndo nachagua nguvu, mimi ndo nafyatua. Mwenye kliniki ni mfanyabiashara sio daktari, nikimuuliza ananijibu daktari yupo kwenye simu ukikwama mpigie. Kuna siku nilimpigia kweli, mteja alikuwa kwenye vidonge vya isotretinoini vya chunusi nikawa sijui nimpige leza au nimrudishe, simu ikaita mpaka ikakata, jioni ndo ikaja meseji "endelea tu".

Kilichonifanya niandike ni kwamba sasa nimeambiwa nimfundishe dada wa mapokezi na yeye awe anapiga leza siku nikiwa sipo. Ni binti mzuri na anajituma ila hajasomea chochote cha afya. Nimeambiwa "si daktari alishakuruhusu wewe, na wewe mruhusu yeye".

Naomba kujua, daktari anaweza kumkabidhi nesi kazi zipi na zipi hawezi? Akisema anasimamia maana yake nini hasa, awepo chumbani, awepo jengoni, au simu inatosha? Na mtu akiungua nani anawajibika? Mwisho hilo la mimi kumruhusu mtu mwingine, lipo kweli?

---

DktNgozi amejibu:

Pole nesi, na nikushukuru kwa kuuliza kabla mtu hajaumia, wengi wanakuja kuuliza baadae.

Nianze na la mwisho maana ndo jepesi. Halipo. Aliyekasimiwa hakasimu tena. Daktari anakukabidhi wewe kwa sababu anaujua uwezo wako na mafunzo yako na leseni yako, huo uaminifu hauhamishiki kwako kwenda kwa mwingine. Akitaka dada wa mapokezi apige leza basi daktari mwenyewe ndo amfundishe na kumpima na kusaini, na hata hapo iwe sheria ya nchi yenu inaruhusu mtu asiye na leseni ya afya kufanya hivyo, na sehemu nyingi hairuhusu.

Sasa kuhusu nini kinakabidhiwa. Mimi huwa nagawa hii kazi vipande viwili. Kuna kuamua na kuna kufyatua. Kufyatua kunaweza kukabidhiwa kwa mtu aliyefunzwa vizuri, sina shida na hilo, manesi wangu wanapiga leza na wanapiga vizuri. Kuamua ndo kazi ya kitabibu: kuchukua historia, kuangalia ngozi kwa macho na kwa vidole, kusema hiki ni nini, kusema kinatibiwa kwa leza au hakitibiwi, kupanga ni leza ipi na kwa nguvu gani ya kuanzia, kumweleza mgonjwa hatari zake akaelewa akakubali. Hiyo ni ya daktari, au ya mtu ambaye sheria inamtambua kuweza kuchunguza na kutoa utambuzi wa ugonjwa. Kwenu imegeuzwa, kuamua umeachiwa wewe na daktari amebaki na saini.

Kwanini nakazania hapo. Chukua hayo madoa ya usoni unayotoa. Doa la kahawia linaweza kuwa la jua, linaweza kuwa melasma (mabaka ya kahawia usoni) ambayo joto la leza linaizidisha badala ya kuipunguza, na linaweza kuwa melanoma (saratani ya ngozi) inayoanza. Ukilipiga leza rangi ya juu inaondoka, mteja anafurahi anakushukuru, kumbe saratani imebaki chini inaendelea na sasa haionekani tena, na hata akija kukatwa kinyama cha kupimwa baadae dalili za kuitambua zimeshaharibika. Doa lenye rangi halipigwi leza mpaka mwenye uwezo wa kulitambua aliangalie. Kwahiyo naomba hilo lisimame leo, hata kabla hujamaliza kusoma majibu mengine hapa.

Na isotretinoini. Zamani tulikuwa tunasubiri miezi 6 baada ya dawa kuisha kwa leza karibu zote. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walipitia ushahidi wakasema kwa leza za kuondoa nywele hakuna ushahidi wa kutosha wa kumchelewesha mtu, ila zile zinazochubua ngozi uso mzima wakabaki na tahadhari. Maana yake jibu linategemea leza gani, sehemu gani ya mwili, ngozi ya nani, amekunywa dozi gani na lini. "Endelea tu" sio jibu la daktari aliyemfikiria huyo mgonjwa.

---

fundi_leza amejibu:

Mi naomba nitoe mtazamo tofauti kidogo na naongea kwa heshima zote. Mimi sio nesi wala daktari, nimesomea urembo alafu nikasomea leza, nimekaa kwenye hii mashine miaka na miaka. Nimeona madaktari wengi tu wanakuja kwenye kozi ya siku mbili, daktari wa mifupa, daktari wa ganzi, wa uzazi, wanarudi wanajiita wasimamizi wa leza na hawajui tofauti ya leza ya urefu wa wimbi wa nanomita 755 na ya 1064. Sasa huyo ananisimamia nini? Mteja wa ngozi nyeusi kabisa akikaa mbele yangu mimi najua siendi na aleksandraiti ya nanomita 755 kwasababu melanini (rangi) ya ngozi ya juu itakula ule mwanga kabla haujafika kwenye nywele na nitamuunguza, naenda na Nd:YAG ya 1064 na pigo refu na ubaridi wa kutosha. Hilo nimejifunza kwa mikono, hakuna daktari aliyenifundisha.

Na kitu kingine watu wa makaratasi hawakijui ni kuisoma ngozi baada ya pigo. Ukipiga vizuri, dakika chache hivi unaona kauvimbe kadogo kanazunguka kila tundu la nywele na wekundu kidogo, kama vipele vya baridi, na kanasikika kaharufu ka nywele iliyoungua. Hiyo ndo unaitaka. Ukiona ngozi inageuka kijivu au nyeupe, au kwa mtu mweusi inaiva kama majivu, au ngozi ya juu inateleza ukiigusa, hapo umeshapita, unasimama papo hapo unaweka ubaridi. Daktari aliyeko kwenye simu hawezi kuona hilo na daktari asiyejua leza hata akiwa chumbani hatajua anaangalia nini.

Kwahiyo tusiseme daktari daktari tu, tuseme mtu aliyefunzwa.

---

DktNgozi amejibu:

@fundi_leza nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa kuliko unavyofikiri. Ulivyoeleza kuisoma ngozi ni sahihi kabisa na natamani kila anayeshika mashine aweze kuieleza hivyo. Na ni kweli daktari hawezi kukabidhi asichokijua. Kama hana uwezo wa kufanya hiyo tiba kwa mikono yake mwenyewe na kutibu madhara yake yakitokea basi hana cha kukabidhi. Udaktari pekee hautoshi, hilo wala sibishani.

Ila angalia hapo ulipoishia. Umesema ukiona kijivu unasimama unaweka ubaridi. Sawa, alafu? Malengelenge yamejaa paja zima saa 11 jioni, anaandikiwa nini, anahitaji dawa ya kuzuia maambukizi au hahitaji, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kupaka anapewa yenye nguvu gani na kwa siku ngapi, ana historia ya keloidi (makovu yanayovimba) au hana, anarudi lini kuangaliwa? Mkono ni wako na ni mzuri, ila kuanzia hapo mgonjwa anahitaji mtu mwenye leseni ya kutibu, na anahitaji awe anapatikana kweli. Usimamizi ni kwa ajili ya hiyo saa.

---

sheria_na_afya amejibu:

Naongezea upande wa sheria kwa kifupi maana nashughulika na kesi za namna hii.

Hakuna jibu moja la dunia nzima, lazima uangalie baraza la madaktari na baraza la wauguzi la nchi yako, na kama nchi ina majimbo basi la jimbo. Ili uone tofauti zilivyo kubwa, huko Marekani, California hairuhusu msaidizi wa kliniki asiye na leseni wala mtaalamu wa urembo kupiga leza kabisa, ni daktari au nesi aliyesajiliwa au daktari msaidizi chini ya usimamizi, na lazima mgonjwa achunguzwe kwanza na daktari au mwenye mamlaka hayo kabla ya tiba. Daktari halazimiki kuwa jengoni ila lazima apatikane, na mfanyabiashara asiye daktari haruhusiwi kumiliki kliniki inayotoa tiba na kumwajiri daktari kama jina. Texas imetenga kazi ya kuondoa nywele kwa leza ikaipa mfumo wake wa vyeti vya ngazi 4 kuanzia mwanafunzi, na kituo lazima kiwe na mkataba na daktari mshauri, ila tiba nyingine za urembo zinabaki chini ya kanuni za kukasimu za baraza la madaktari. Uingereza nako, upande wa England waliacha kudai usajili wa huduma za leza za urembo tangu Oktoba 2010, wakati Wales waliendelea kudai, na ni mpaka sheria ya afya ya 2022 ndo serikali ikapewa uwezo wa kuleta leseni England. Yaani ukivuka mpaka tu mambo yanabadilika.

Lakini kuna kitu hakibadiliki sana. Daktari akikukabidhi kazi hajakukabidhi wajibu wake, wajibu anabaki nao. Na wewe kupokea kazi hakukuondolei wa kwako. Kwahiyo swali la "nani anawajibika" jibu lake mara nyingi ni wote, daktari kwa kukabidhi vibaya au kutosimamia, wewe kwa kupokea kitu unachojua kiko nje ya mafunzo yako au kufanya bila uchunguzi, na kituo kwa kuendesha hivyo. "Niliambiwa nifanye" haimlindi mtu mwenye leseni yake mwenyewe. Na soma mkataba wa bima yako ya taaluma neno kwa neno, nyingi zinalipa kwa kazi iliyo ndani ya mipaka ya leseni yako tu, na wewe ukimfundisha yule dada akaunguza mtu, jina lako litaingia kwenye hayo mafaili hata kama siku hiyo ulikuwa umelala nyumbani.

---

Salha_B amejibu:

Nimesoma nikasema niandike na mimi maana niko upande wa mteja.

Mimi niliungua miguu yote miwili. Sitataja ni wapi. Sikuonana na daktari, kulikuwa na picha yake ukutani na vyeti vyake. Aliyenipiga alikuwa dada mpole sana, aliniuliza kama nimekaa juani nikamwambia ndio nimetoka safari ya baharini, akasema basi tutapunguza kidogo. Ilivyoanza kuuma kuliko kawaida nikamwambia, akaniambia vumilia ndo inafanya kazi. Nilitoka na alama za mwezi mchanga zimepangana kwenye mapaja na miguu mpaka chini, kila moja imekaa upande uleule. Nilipopiga simu usiku hakuna aliyepokea, asubuhi wakaniambia nipake aloe.

Daktari niliyekwenda kwake baadae aliziangalia zile alama akajua mara moja. Akaniambia ule mfereji wa gesi ya baridi kwenye kichwa cha mashine ulikuwa haujanyooka, unapuliza pembeni, kwahiyo kila pigo kulikuwa na kipande cha ngozi kinachopata mwanga bila kupata ubaridi, na kipande hicho kina umbo la mwezi. Yaani kila mara kosa lilelile, pigo kwa pigo, na yule dada hakuwa amefundishwa kulitambua. Hapo pamebaki peusi na sehemu nyingine peupe.

Sina hasira na yule dada, nadhani naye aliachwa peke yake kama huyu nesi aliyeuliza. Nesi usikubali dada yangu.

---

nesi_wa_zamu amejibu:

@Salha_B pole sana, nimesoma hiyo ya alama za mwezi mara mbili. Sikuwahi kuambiwa kuhusu hilo la ubaridi kwenda pembeni, sisi yetu inapoza kwa kugusa, kile kioo cha mbele ndo kinakuwa baridi, nimeenda kukikagua leo.

---

fundi_leza amejibu:

@nesi_wa_zamu ya kugusa nayo ina mambo yake. Kioo lazima kiwe kinagusa ngozi chote, sehemu za mifupa kama ugoko na kifundo ndo kinainuka upande mmoja na hapo ndo unaunguza. Na kifute kila baada ya mapigo kadhaa, vipande vya nywele zilizoungua vikigandia kwenye kioo vinashika joto vyenyewe na vinachoma ngozi. Mnyoe mteja vizuri kabla. Na setingi za mashine moja usizihamishie mashine nyingine hata kama zote ni diodi na namba zinafanana.

---

mama_kliniki amejibu:

Mimi ni daktari na ndo mmiliki wa kliniki yangu, naomba niwasemee kidogo wenye vituo maana hapa wote tunaonekana wabaya. Ukisema daktari aone kila mteja kila awamu huduma haitawezekana, mtu wa kuondoa nywele anarudi mara 6 mara 8, huwezi kumweka daktari chumbani kila mara kwa kwapa. Na nikiangalia hizi namba za kesi zinazotajwa kila mahali, ile ya jarida la JAMA Dermatology la 2014 kwamba kesi za leza zinazohusu wasio madaktari Marekani zilipanda kutoka asilimia 36.3 mwaka 2008 hadi asilimia 77.8 mwaka 2011, watu wanaisoma kama vile ndo kiwango cha watu wanaoungua. Sio. Hizo ni kesi zilizofika mahakamani, na katika miaka hiyo wanaofyatua leza wenyewe walikuwa wanazidi kuwa wasio madaktari. Tusiwatishe watu kwa namba isiyosema hivyo.

Ninachofanya mimi ni hiki. Mteja mpya namwona mimi, bila kukosa. Namwandikia mpango, mashine, sehemu, nguvu ya kuanzia na kikomo cha juu ambacho nesi haruhusiwi kupita bila kuniuliza. Tunajaribu sehemu ndogo kwanza na tunasubiri, na kwa ngozi nyeusi nasubiri zaidi maana weusi wa baada ya kuungua hautokei siku hiyohiyo. Awamu zinazofuata nesi anaendelea mwenyewe ila ana maswali ya kuuliza kila mara, umekaa juani, kuna dawa mpya, una mimba, awamu iliyopita ngozi ilifanyaje, na jibu likibadilika tu mteja anarudi kwangu kabla ya pigo hata moja. Siku za leza niko jengoni, au yupo daktari mwenzangu anayejua leza. Kama hatupo wote wawili leza haifanyiki, tunaahirisha, na ndio wateja wanalalamika.

---

DktNgozi amejibu:

@mama_kliniki uko sahihi kuhusu zile namba, na utaratibu wako ningeupenda kila mahali. Ila katika utafiti huohuo kuna sehemu ambayo mimi inanigusa zaidi, waandishi walikadiria kwamba wasio madaktari walikuwa wanafanya kama theluthi moja tu ya kazi ya kuondoa nywele kwa leza, lakini kwenye kesi za kuondoa nywele za 2004 hadi 2012 wao walikuwa asilimia 75.5. Bado ni kesi na sio majeraha, nakubali, ila pengo hilo ni kubwa na mimi sidhani kwamba linatokana na mikono ya watu. Naona linatokana na kuachwa peke yao. Sehemu kubwa ya hizo kesi za wasio madaktari zilitokea nje ya hospitali na kliniki za kawaida za tiba, pale ambapo daktari ni jina.

Alafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa nalo ni dawa ya ganzi ya kupaka. Mwaka 2007 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili, wa miaka 22 na 25, kupaka krimu ya ganzi miguuni kabla ya leza ya kuondoa nywele wakaifunika kwa plastiki kama walivyoelekezwa, wakapata degedege, wakazimia wakafa. Dawa iliingia mwilini kupita kiasi, ilikuwa krimu kali ya kuchanganywa, eneo kubwa, plastiki juu, muda mrefu. Leza haikuwa imewagusa bado. Nikisikia kituo kinampa mteja kopo la krimu ya ganzi mapokezi akajipake nyumbani nakosa usingizi. Hiyo ni dawa, inaandikwa na mtu anayejua kupiga hesabu ya eneo na dozi. @nesi_wa_zamu, kwenu krimu anatoa nani?

---

nesi_wa_zamu amejibu:

Mapokezi. Wanauza. Na ndio tunawaambia wafunike.

Nashukuru kwa kuuliza Daktari, nimenyamaza kidogo hapa baada ya kusoma. Kesho asubuhi naongea nao.

---

sheria_na_afya amejibu:

Ongea nao kwa maandishi nesi. Usigombane, andika tu barua fupi ya kistaarabu kwa daktari na nakala kwa mwenye kituo, sema nimekuwa nikifanya hivi na hivi, naomba tuweke utaratibu huu na huu, na kwamba mpaka uwekwe sitaendelea na madoa ya rangi, sitampokea mteja mpya ambaye hajachunguzwa, na sitamfundisha mtu asiye na leseni. Tarehe na saini. Baki na nakala nyumbani. Wakikataa basi umeshajua, na baraza lako lina namba ya kuulizia bila kulazimika kumshtaki mtu.

---

nesi_wa_zamu amejibu:

Wakuu narudi kuleta mrejesho. Krimu zimeondolewa mapokezi, hilo walilikubali bila ubishi nilipowaeleza ya FDA. La dada wa mapokezi mwenye kituo alikasirika kidogo ila daktari mwenyewe ndo alisema hapana, na kusema kweli nilishangaa, alikuwa hajui kama nimeambiwa nimfundishe. Inaonekana kuna mengi yalikuwa yanafanyika kwa jina lake na yeye hana habari. Amekubali kuja siku mbili kwa wiki kuona wateja wapya na leza za wapya zitafanyika siku hizo tu. Madoa nimeacha. Kuna mmoja ana doa shavuni alikuwa ameshalipia awamu zote, amekasirika sana, nimemwandikia aende kwa daktari wa ngozi.

Bado tunabishana kwenye jambo moja, daktari anasema siku ambazo hayupo nimtumie picha za mteja kwa simu naye ataniambia aina ya ngozi na nguvu ya kutumia. Hiyo inakubalika?

---

DktNgozi amejibu:

Hongera nesi, kwa kweli. Na huyo mwenye doa usimwache hewani, mfuatilie mpaka ujue ameonwa.

Kuhusu picha. Kumfuatilia mteja ambaye daktari alishamwona na ngozi yake anaijua, picha inasaidia, mathalan una wasiwasi na wekundu wa jana. Kumchunguza mteja mpya kwa picha ya simu mimi sikubali. Taa ya chumba inabadilisha rangi ya ngozi, kamera za simu zinang'arisha sura zenyewe, na kovu lililoinuka au doa gumu huliwezi kwenye picha, unahitaji kidole. Kuna nchi zinaruhusu uchunguzi kwa video ya moja kwa moja, daktari na mgonjwa wanaongea wanaonana, hiyo ni tofauti na picha kwenye meseji na uulize baraza lenu wanasemaje. Na hata ikiruhusiwa, aina ya ngozi kwa kipimo cha Fitzpatrick, kuanzia 1 nyeupe sana hadi 6 nyeusi sana, haipatikani kwa kuangalia rangi tu, asili yake ilikuwa kumuuliza mtu ngozi yako juani inaungua au inakuwa nyeusi tu, na kwa sisi wenye rangi unauliza pia kidonda chako kikipona kinaacha weusi, kuna keloidi kwenu. Picha haijibu hayo.

Kitu kimoja zaidi kwenye protokoli yenu mpya, hakikisheni imeandika macho. Miwani ya leza sio miwani yoyote, kila moja imeandikwa inazuia mawimbi gani na kwa kiwango gani, ya diodi haikulindi kwenye aleksandraiti. Avae mteja, uvae wewe, na mlango uwe na alama. Nyusi na ndani ya mfupa wa jicho msipige nywele kabisa, watu wameharibika mboni kwa hilo hata wakiwa wamefumba macho, kope haizuii mwanga huo.

---

nesi_wa_zamu amejibu:

Nyusi zipo kwenye orodha yetu ya huduma. Naenda kuzitoa sasa hivi.